Kamba wa karanga na nazi, hata Mbeya inawezekana!



Leo siasa naiweka pembeni. Naomba tuzungumzie jiko. Najua kuna watakaosema mwandishi kakosa habari mpaka kaanza kutuandikia mapishi. Subirini kidogo, mwisho wa safari mtaona kwamba hili nalo ni jambo zito, pengine zito kuliko hotuba nyingi ninazotumwa kwenda kuziandika.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kijana wa Mbeya au Iringa anayedhani kamba waliovikwa karanga na nazi ni chakula cha hoteli za ufukweni tu, anajinyima raha bure. Na anayedhani jiko ni la mke, dada au mama ntilie, huyo anawanyima wengine kitu kikubwa kuliko raha. Tuanze na la kwanza, la pili tutalifikia.

Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tumekua tukiamini kwamba vitu vya baharini si vyetu. Sisi ni watu wa viazi, mahindi, maharage, ndizi na mchele wa Kyela. Kamba tunawaona kwenye picha: mkia umesimama, koti la rangi ya dhahabu, pembeni kibakuli cha mchuzi na mzungu anatabasamu. Basi tunajiambia, hayo ni mambo ya Zanzibar.

Lakini hebu angalia kilichomo kwenye ile sahani. Kuna kamba, kuna karanga, kuna nazi, kuna yai, unga kidogo na mafuta. Katika vitu sita hivyo, vinne vinapatikana Mwanjelwa, Soko Matola au Soko Kuu la Iringa siku yoyote ya wiki, na vimezalishwa hukuhuku juu au jirani. Mafuta ya alizeti tunakamua wenyewe. Nazi haioti kwenye baridi yetu, ila inapanda na malori kutoka pwani kila siku. Barabara ileile inayoteremsha viazi vya Mbeya, nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwenda Dar es Salaam ndiyo inayopandisha nazi kupitia Kitonga. Kwa hiyo mgeni halisi kwenye sahani ile ni mmoja tu, kamba mwenyewe.

Na huyo mgeni anatoka wapi? Kwa Tanzania, kamba wengi wanatoka delta ya Rufiji na maeneo ya Mafia, Kisiju, Bagamoyo na Saadani. Mito inapoingia baharini na mikoko inaposimama kwenye tope, hapo ndipo kamba wachanga wanakolelewa kabla ya kwenda kwenye maji ya kina. Ndiyo maana ukikata mikoko unakata na kamba. Tuliwahi kuonjeshwa ubaya wa tamaa pia. Mwaka 2008 serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba wa meli zinazokokota nyavu baada ya kuona kamba wamepungua mno. Wavuvi wadogo waliendelea na mitumbwi yao. Kwa hiyo unapomla kamba mmoja, kumbuka nyuma yake kuna mikoko na kuna mtu aliyekesha majini.

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilometa 500, na hadi Mbeya zaidi ya kilometa 800. Kamba hawezi kusafiri hivyo bila barafu. Huku kwetu utampata kwa wauza samaki wenye majokofu, au utamwagiza kwa ndugu aliyeko Dar akufungie kwenye boksi lenye barafu na kulikabidhi kwenye basi la asubuhi. Si rahisi na si bei ya chee, nakubali. Ndiyo maana sisemi ale kila siku. Mimi hununua nusu kilo siku ya mwisho wa mwezi, tunakula watu watatu, basi.

Ukipokea mzigo, kagua kabla ya kusifu. Kamba mzuri ananuka bahari, hanuki dawa ya chooni. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, ameshaharibika, mtupe hata kama roho inauma. Vichwa vyeusi na nyama iliyolegea navyo ni dalili mbaya. Wakishayeyuka barafu usiwarudishe kwenye jokofu kugandishwa upya. Umeme wetu mnaujua, ukikatika na kurudi mara tatu kwa siku, huyo kamba ameshaishi maisha matatu.

Sasa twende jikoni.

Menya kamba, acha mkia ili upate mahali pa kushika. Pasua kidogo mgongoni utoe ule uzi mweusi. Osha, halafu wakaushe kwa kitambaa safi mpaka wasiwe na maji kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kamba mwenye maji hashiki koti. Wapake chumvi, kitunguu swaumu kilichotwangwa, pilipili manga na ndimu kidogo. Ndimu isizidi dakika kumi, maana inaanza kukaza nyama kabla moto haujawashwa.

Nazi ina siri yake. Ukiikuna na kuitumia mbichi ina maji na mafuta mengi, koti linakuwa zito na linavuka. Mimi naikuna, naikamua tui lote, halafu yale machicha ambayo nyumba nyingi humwagia kuku nayaweka kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Unakoroga bila kuondoka mpaka yakauke na kuanza kunukia. Hayo ndiyo yanayofaa. Tui linabaki kwa ajili ya wali au mchuzi, kwa hiyo nazi moja imefanya kazi mbili. Huna mbuzi? Nyumba nyingi za huku hazina. Banja nazi, toa nyama yake kwa kisu, paruza kwa kile kikwaruzo cha karoti. Inachosha mkono lakini inawezekana.

Karanga kaanga kavu, pukuta maganda, halafu twanga kwenye kinu. Usitwange mpaka unga, utapata rojo la mafuta. Zibaki chengachenga, kama mchele uliovunjika. Ukiwa na korosho pia zinafaa, ila karanga ndiyo yetu. Changanya nusu kikombe cha karanga na kikombe kimoja cha machicha yale makavu, chumvi kidogo, na ukipenda pilipili ya unga.

Panga sahani tatu: ya unga wa ngano, ya mayai mawili yaliyopigwa, ya mchanganyiko wa karanga na nazi. Kamba anapita kwenye unga, anakung'utwa, anachovya kwenye yai, anagaragazwa kwenye karanga na kukandamizwa kwa kiganja. Mkono mmoja ushike vikavu, mwingine vibichi, vinginevyo utamaliza ukiwa umevaa glavu za unga. Ukimaliza waache wapumzike dakika kumi na tano ili koti lishike.

Mafuta yawe ya moto wa kati. Tupa chengachenga moja: ikizama na kukaa kimya, subiri, ikigeuka nyeusi papo hapo, punguza moto. Karanga na nazi zina mafuta na sukari yake, zinaungua haraka kuliko unga mtupu. Kwenye jiko la mkaa maana yake utoe makaa mawili matatu. Kamba anaiva upesi, dakika moja na nusu hadi mbili kila upande zinatosha. Akijikunja kama herufi C ameiva, akijikunja mpaka kichwa kigusane na mkia umeshamkaushia utamu wake.

Na kuna hili la mwinuko ambalo vitabu vya mapishi vya pwani havikuambii. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Iringa si mbali na hapo. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ndiyo maana maharage ya Mbeya yanamaliza mkaa. Kwenye kukaanga pia unyevu ulioko ndani ya kamba unatoka mapema, na ukitumia moto mkali koti linaiva huku unyevu umekimbia. Moto wa wastani, subira kidogo, utafurahi.

Wakitoka watandaze kwenye chekeche au sinia lenye matundu. Tafadhali usiwaweke juu ya gazeti, hata kama ukurasa huo una habari niliyoiandika mimi. Wino si kiungo.

Mchuzi wa kuchovea: lile tui, ukwaju ulioloweshwa, pilipili, chumvi, sukari robo kijiko, chemsha mpaka uwe mzito. Wali wa Kyela au viazi vya kuchemsha pembeni, kachumbari, umemaliza. Na onyo la kweli: kamba na karanga ni miongoni mwa vyakula vinavyosumbua sana watu wenye mzio. Kabla hujamkaribisha mgeni, muulize. Mtu akivimba midomo au kubanwa kifua si wakati wa kumpa maziwa na kumwambia atulie, ni wakati wa kukimbia hospitali.

Sasa nije kwenye lile la pili.

Wakati napika vitu hivi geto, jirani yangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa utani, "Mwandishi, umeoa lini?" Maana mwanaume akisikika anatwanga karanga kwenye kinu saa moja jioni, basi ama ana mgeni wa kike ama ana matatizo. Tulicheka, alikula, akaomba wengine. Lakini swali lake limebaki nami, kwa sababu limebeba ugonjwa wa mkoa mzima.

Wadau, tuzungumze takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania nzima asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko yote ni upi? Si mkoa wa ukame. Ni Iringa, takribani asilimia 57. Wakafuata Njombe na Rukwa, kila mmoja karibu nusu ya watoto wake. Iringa, Njombe, Rukwa! Mikoa ambayo kila kiongozi akisimama jukwaani anaiita ghala la chakula la taifa.

Hebu soma tena. Tunakolima mahindi ya kulisha nchi ndiko watoto wanakodumaa zaidi. Njaa hatuna, ghala limejaa. Tunachokosa ni kilichomo pembeni ya ugali. Mtoto anashiba ugali na mboga iliyochemshwa kwa chumvi, analala, anaamka, anakula tena hivyohivyo. Tumbo limejaa, mwili haujapata vitu vya kujengea. Na kudumaa hakungoji, madhara makubwa yanatokea kwenye siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Likipita dirisha hilo, kulirudisha ni kazi ngumu mno.

Sababu zinazotajwa ni nyingi: mama anashinda shambani, mtoto anaachiwa mtoto mwenzake, mlo ni mara mbili kwa siku, mayai na maziwa yanauzwa badala ya kuliwa, msimu wa ulanzi ukifika baba haonekani nyumbani. Zote hizo ukizitazama vizuri zinakutana sehemu moja. Jiko limeachiwa mtu mmoja, naye hana muda.

Hapo ndipo kamba wangu anapoingia. Najua kuna atakayesema, "Watoto wamedumaa wewe unatuambia kamba? Si sawa na yule malkia anayesimuliwa kuwaambia wenye njaa wale keki?" Hoja nzuri, na jibu ni hili. Ondoa kamba kwenye sahani ile, utazame kilichobaki. Gramu 100 za kamba zina kama gramu 20 za protini. Gramu 100 za karanga zina kama 25. Unga wa mahindi una kama 8 tu. Yaani zile karanga za kwenye koti tunazozichukulia kama urembo zina protini kuliko kamba mwenyewe, na zinauzwa kwa kopo sokoni! Sisemi protini ya karanga inatosha peke yake, ya samaki, mayai na maziwa imekamilika zaidi. Ndiyo maana zikikutana, karanga, yai na samaki, unapata mlo wa maana.

Na samaki si lazima atoke Rufiji. Kyela wana Ziwa Nyasa lenye mbasa, mbufu na dagaa. Iringa wana bwawa la Mtera lenye perege. Chukua minofu ya perege, kata vipande vya vidole viwili, vika koti lilelile la karanga na nazi, kaanga vilevile. Nimejaribu, na nasema bila aibu kwamba mezani kwangu perege ameshindana na kamba na hakuna aliyelalamika. Nazi ikikosekana, karanga peke yake na unga kidogo vinatosha. Mafuta yakiwa haba, twanga karanga uunge mboga, kama bibi zetu walivyounga majani ya maboga. Dagaa wakavu wasagwe pamoja na karanga, kijiko kimoja kiingie kwenye uji wa mtoto. Zingatia tu kwamba mtoto mdogo hapewi karanga nzima, zinamkaba. Zisagwe laini kabisa.

Lingine la kuzingatia ni karanga zenyewe. Zile zilizokunjamana, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, tupa. Huko ndiko kuna sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mwaka 2016 Watanzania wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Muuzaji asikulazimishe kuchukua zilizochambuliwa nusu eti kwa sababu ni za bei nafuu, na usiseme "za mboga tu hizi." Za mboga ndizo anazokula mtoto.

Kwa nini basi nikaanza na kamba badala ya kuandika moja kwa moja kuhusu lishe? Kwa sababu nimehudhuria semina za lishe kama mwandishi. Tunakaa ukumbini, tunaonyeshwa michoro, tunaambiwa "makundi ya vyakula," kisha mchana tunakula wali kuku, tunasaini posho, tunaondoka. Sijaona mtu akitoka pale ana hamu ya kupika. Vijana wa mjini hatubadilishwi na michoro. Tunabadilishwa na kitu kitamu ambacho tumekipika wenyewe na rafiki akaomba ongezo. Ukishajua kuvika kamba karanga, mkono umeshajua. Kesho utavika perege, keshokutwa utaunga mboga, na siku ukiwa baba hutasubiri mwenzako arudi shambani au kazini ndipo mtoto ale.

Na sisi wasomi hatujapona. Tunacheka wazee wa vijijini kwa ugali na chumvi, wenyewe tunaishi kwa chipsi mayai Jumatatu mpaka Ijumaa. Tofauti ni kwamba sisi tuna mshahara, tuna jiko la gesi, tuna simu yenye mapishi ya dunia nzima. Hatuna kisingizio.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenzangu wa kiume, wa Uyole, wa Soweto, wa Kihesa, wa Mlandege. Mwezi huu nunueni kinu. Ndiyo, kinu na mchi wake, bei yake haifikii jezi ya Simba wala Yanga. Mwisho wa mwezi mkijaliwa, tafuteni nusu kilo ya kamba mjaribu hiki nilichokieleza. Msipowapata, perege wapo. Na mkirudi kijijini sikukuu, msikae sebuleni mkingoja kuitwa mezani. Ingia jikoni, twanga karanga, mpikie mama na mtoto wa dada yako. Watakucheka siku ya kwanza. Siku ya pili watakuuliza ulikuwa unaweka nini kwenye ile mboga.

Wenye namna zao za kupika waseme, hasa wadau wa Kyela, nasikia mna mbasa wenu mnaowapika kwa namna inayowafanya watu wahamie huko. Tuelezeni.

Kazi kwenu. Kamwene!